Mahali pa Kuzaliwa

Donatille alikuwa anapepeta maharage mezani kwake sokoni Mpanda simu ilipoita kwa namba ndefu ya nje. Akajua ni Gaspar, mwanae wa mwisho, aliyekuwa anasomea ufamasia India. Akapokea huku anacheka. Upande wa pili akasikia sauti ya msichana.

"Shikamoo mama. Naitwa Jeniffer, nasoma na Gaspar. Uko na mtu hapo karibu?"

Donatille akakaa juu ya gunia. Dafrosa, mama wa Kipimbwe anayeuza mchele meza ya jirani, alimwona anavyokaa, akamwacha mteja na kibaba mkononi, akaja kusimama nyuma yake.

Jeniffer alieleza polepole, kama mtu aliyekwisha kulia akamaliza. Gaspar aligongwa na basi akivuka barabara mbele ya chuo. Kichwa kiliumia. Madaktari walimfungua wakatoa damu iliyokuwa imeganda ndani, na sasa yuko hai, anapumua mwenyewe.

"Ila mama, akiamka anapiga kelele. Anang'oa mipira ya dawa. Wamemfunga mikono kwenye kitanda. Na anaongea lugha ambayo sisi Watanzania wote wa hapa hatuijui. Tukimsemesha Kiswahili ni kama hasikii. Daktari anasema akiendelea kujirusha hivi damu inaweza kuvuja tena. Anataka mtu wake. Mtu anayeelewana naye."

"Niwekee simu sikioni mwake."

"Tulijaribu kwa sauti yako, ile uliyomtumia Jumapili. Alipoisikia akaanza kukutafuta chini ya kitanda. Ilibidi wamshike watu wanne. Nakutumia nilichomrekodi. Labda wewe utaelewa."

Donatille hakufungua ile sauti pale mezani. Alizunguka nyuma ya vibanda, kwenye mashine ya kusaga, ambako kelele za injini zinameza kila kitu, akabana simu sikioni. Sauti ya Gaspar ilikuwa kavu, ya kunong'ona, sauti ya mtu aliyejificha.

*Mawe, zimya umuriro. Baraje.*

Mama, zima moto. Wamekuja.

Gaspar alizaliwa Katumba, hapo Nsimbo, kwenye makazi ya waliokimbia Burundi mwaka sabini na mbili, na vita hakuwahi kuiona hata siku moja. Maneno hayo yalikuwa ya bibi yake, mama mzazi wa Donatille, aliyekuwa akiyasema mekoni wajukuu wakiwa wamemzunguka: jinsi walivyolala porini bila moto, jinsi alivyomziba mdomo mtoto mchanga mgongoni asilie. Mtoto huyo alikuwa Donatille. Na sasa Gaspar, kijana wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa amelala kitandani ng'ambo ya bahari, amefungwa mikono, anawasikia askari wa bibi yake wakija.

Aliporudi mezani Dafrosa alimuuliza, "Anasemaje mtoto?"

"Anaweweseka tu," Donatille akajibu.

Pasi ya kusafiria alikuwa nayo. Aliichukua mwaka uliotangulia kwa sababu Gaspar alisisitiza kwamba lazima mama yake aje kwenye mahafali, na tangu siku hiyo ilikaa kwenye sanduku imefungwa kwenye kitenge. Nauli walichangishana ndugu wa Katumba na wanajumuiya wa kanisani. Kilichobaki ni viza. Agape, binti yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi Sibwesa, alipiga simu na kusema viza ya India siku hizi inaombwa kwa mtandao, haina haja ya kwenda Dar es Salaam. "Nenda kwa Nashon stesheneri, mama. Anawajazia watu kila kitu. Mimi naomba ruhusa, kesho kutwa nitakuwa hapo."

Dafrosa alimsindikiza. Duka la Nashon lilikuwa limejaa: wanafunzi wa kuprinti, mzee mmoja wa Kisukuma mwenye karatasi za mifugo, wadada wawili wanaosubiri picha. Nashon alimpiga Donatille picha mbele ya shuka jeupe, akaskani pasi, akafungua ukurasa.

"Safari ya nini, mama?"

"Mwanangu anaumwa."

"Hapa wana utalii, biashara, matibabu. Kwenye utalii wameweka na kutembelea ndugu. Wewe ndiyo hiyo, viza ya kitalii."

"Mimi mtalii?" Donatille alisema, na wadada wakacheka kidogo, bila ubaya.

Nashon alikuwa anasoma maswali kwa sauti, kwa sauti ile ile ya kuita wateja. Jina. Tarehe. Kisha akauliza bila kuinua macho, "Umezaliwa wapi?"

"Katumba."

Jibu lilitoka kabla hajafikiri. Alikuwa amejibu hivyo maisha yake yote. Alipokuwa msichana, mtu wa makazi hakuruhusiwa kutoka bila kibali, na siku moja baba yake alimleta mjini kwa miguu akiwa na homa, bila karatasi yoyote. Mtu mwenye sare aliwasimamisha njiani akauliza, mzee umezaliwa wapi? Baba akasema kweli. Alichukuliwa hapo hapo. Donatille alibaki kando ya barabara na homa yake mpaka mama mmoja mpita njia alipomchukua. Baba alirudi baada ya siku nyingi, akiwa mzima, lakini tangu hapo hakuwahi tena kuja mjini, na aliwafundisha wanae jibu moja. Baadaye uraia ulikuja. Walipewa vyeti, wakapiga vigelegele, wakapiga kura. Sheria ilikwisha kubadilika, ila ulimi wa Donatille ulibaki pale pale barabarani.

"Uraia ni wa kuzaliwa au wa kuandikishwa?" Nashon akauliza.

Dafrosa alikuwa amemshika bega. Miaka kumi na moja wameuza pamoja, wamezikana, wamelishana.

"Wa kuzaliwa."

"Baba amezaliwa wapi?"

"Katumba."

Nashon akaandika, akalipia kwa kadi yake, akabonyeza. "Tayari, mama. Jibu linakuja kwenye barua pepe. Siku tatu hivi."

Jioni, akipanga nguo, Donatille alifungua pasi aangalie picha. Chini ya jina, penye mahali pa kuzaliwa, iliandikwa kwa herufi kubwa BURURI, mkoa wa Burundi.

Alikuwa amesahau. Hapana, hakusahau, pasi ilitokana na cheti cha uraia, na cheti kilisema kweli, na yeye aliifunga kwenye kitenge ili asiisome. Sasa picha ya ukurasa ule ule ilikuwa India, pamoja na maneno yake, na mtu yeyote mwenye macho angeviweka sambamba. Akajiambia labda hawaangalii. Watu wako wengi duniani, nani ana muda wa kuangalia mahali alipozaliwa muuza maharage? Kisha akawaza kwamba wanaangalia, na kwamba mashine zinaangalia hata watu wakilala.

Kesho yake hakuweza kuuza. Kila simu ilipolia alishtuka mpaka kibaba kikamwagika. Mwanamume mwenye shati la kaki alisimama mezani akauliza bei, na Donatille akashindwa kumjibu. Mtu wa watu akaondoka akidhani amedharauliwa. Jeniffer alituma ujumbe: homa imepanda kidogo. Akatuma mwingine: imeshuka. Kisha siku nzima kimya.

Agape alifika na gari la Sibwesa akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Hakuoga. Walienda moja kwa moja kwa Nashon, na Nashon alipofungua barua pepe uso wake ukabadilika kabla hajasema neno.

"Imekataliwa," akasema. "Samahani sana, mama."

"Kwa nini?" Agape akauliza.

"Hawasemi sababu. Hawa hawanaga maelezo."

Donatille alitoka nje akashika nguzo ya kibaraza. Agape akamfuata. Hapo, huku bodaboda zikipita, mama alimweleza binti yake alichojibu. Agape hakumgombeza. Alisimama tu akimwangalia, na Donatille akaona jambo ambalo hakulitegemea: Agape naye alikuwa anaogopa.

"Pasi si imeandikwa Bururi, mama?"

"Imeandikwa."

"Sasa tukiomba upya tukiandika tofauti, wataona tulidanganya mara ya kwanza." Aliteremsha sauti. "Mama, uraia wa kuandikishwa unaweza kufutwa mtu akionekana mwongo. Wakiwauliza watu wa huku? Wakianza kuuliza na kuhusu mimi? Mimi ni mtumishi. Nimeajiriwa juzi tu."

"Najua."

"Si kwamba simpendi Gaspar."

"Najua, mwanangu."

"Anatibiwa. Jeniffer yuko pale. Labda tuachie hapa. Tuombe Mungu."

Donatille alikuwa anawaza hivyo hivyo, na alichukia kuyasikia mawazo yake yakitoka kwenye mdomo wa mtoto wake. Walirudi nyumbani Makanyagio, wakapika, wakashindwa kula. Ukikaa na hofu ya namna hiyo peke yako unaweza kuizoea. Wakiwa wawili, kila mmoja alikuwa anaisoma usoni kwa mwenzake.

Jeniffer alipiga asubuhi yake.

"Mama, leo amenyamaza."

"Amepata nafuu?"

"Sijui. Hapigi kelele, hajirushi. Hataki kula. Akija mtu anafumba macho na kubana pumzi, kama anajificha. Akitoka, anaangalia mlango. Daktari anasema afadhali hata angepiga kelele."

Donatille alijua Gaspar anafanya nini. Mtoto mchanga alizibwa mdomo asilie porini. Mwanae alikuwa anajiziba mwenyewe.

Akachukua sanduku, akatoa cheti cha uraia, akaweka juu ya pasi. "Naenda kwa Nashon," akamwambia Agape. "Wewe baki. Sitataja jina lako."

Agape alikaa dakika nzima amejishika kichwa. Kisha akavaa viatu. "Watakuuliza watoto. Lazima utaje. Twende."

Ilikuwa siku ya mnada na duka lilijaa zaidi. Dafrosa aliwaona wakipita, akaacha meza na kuwafuata. Donatille alitamani amwambie arudi, akakosa namna.

"Tunaanza upya," Nashon akasema. "Jina ni lile lile. Hapa wanauliza kama umewahi kukataliwa viza. Tuandike ndiyo?"

"Andika ndiyo."

"Umezaliwa wapi? Katumba, nakumbuka."

"Hapana."

Nashon akainua macho. Donatille alimwona yule mtu mwenye sare kando ya barabara, alimwona baba yake akivua kofia kwa heshima kabla ya kujibu.

"Nimezaliwa Burundi," akasema. "Bururi. Nilikosea. Uraia wangu ni wa kuandikishwa, cheti hiki hapa. Baba amezaliwa Burundi. Mama pia. Andika yote."

Mtu nyuma akanong'ona kitu. Nashon alikitazama cheti, akageukia kioo, akaanza kuandika, safari hii akiuliza maswali kwa sauti ya chini, uso kwa uso, mpaka mwisho. Palipo na nafasi ya maelezo aliandika kwamba jibu la kwanza lilikuwa kosa la mwombaji na kwamba mwanae yuko hospitali.

Donatille alipogeuka, Dafrosa hakuwepo. Kupitia mlangoni alimwona upande wa pili wa barabara, mgongo umegeuka, anaongea na simu.

Siku iliyofuata meza ya Dafrosa ilifunikwa turubai. Na iliyofuata vilevile. Donatille alijaribu kutofikiri Dafrosa alikuwa anaongea na nani. Alikumbuka mambo yote aliyowahi kumwambia katika miaka ile kumi na moja, moja moja, akipima kila moja lingeweza kutumikaje. Nyumbani Agape alifunga mlango kwa komeo mchana kweupe.

Viza ilitoka siku ya tatu, saa za mchana. Nashon hakupiga simu. Alifunga duka akaja mwenyewe na karatasi, anahema. Agape alilia. Donatille aliisoma karatasi mara nyingi bila kujua maana ya maneno, kisha akaenda sokoni kukusanya maharage yake, na hapo akamkuta Dafrosa anafunua turubai.

"Nilikuwa Usevya," Dafrosa akasema. "Shangazi amefariki. Walinipigia siku ile pale pale dukani."

"Pole. Sikujua."

"Ungejuaje? Hukuuliza." Aliendelea kukunja turubai kwa makini kuliko ilivyohitaji. "Mama Agape, miaka yote hiyo ulikuwa unaniogopa mimi?"

Donatille hakuweza kusema ndiyo, wala hapana. Dafrosa alingoja, kisha akainama kupanga visado vyake vya kupimia mchele. Baadaye, Donatille alipoinua gunia, alikuja akashika upande wa pili, wakalibeba mpaka stoo.

Donatille hakuwahi kupanda ndege. Dar es Salaam afisa wa uhamiaji aliipekua pasi, akasoma, akamtazama. "Unatoka Mpanda, mama? Nani anakupokea huko?" Akataja jina la Jeniffer. Afisa akagonga muhuri. Ni hivyo tu, na bado Donatille alipofika kwenye viti alikuwa amelowa jasho.

Kule India foleni ilikuwa ndefu na taa zilikuwa kali. Kijana kwenye dawati alichukua karatasi yake, akabonyeza, akauliza kitu. Donatille akasema maneno ya Kiingereza aliyofundishwa na Agape: "Mai san. Hospito." Kijana akamwonyesha kioo kidogo aweke vidole. Akaweka. Kioo kikawaka rangi nyekundu. Akarudia, nyekundu tena. Kijana akaguna, akamwita mwenzake mwenye nyota mabegani, na Donatille akaona wanaangalia pasi, wanaangalia kompyuta, wanaangalia pasi tena. Watu wa foleni yake walihamia foleni nyingine. Alisimama akijua kabisa kinachofuata: mkono begani, mlango wa pembeni, siku nyingi. Alitafuta kwa macho mama mpita njia, kama mtoto.

Yule wa nyota akaja, akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu. Akatazama vidole vilivyosuguka kwa jembe na maharage mpaka mistari ikafutika. Akachukua karatasi laini, akavifuta kimoja kimoja, akavikandamiza kwenye kioo kwa mkono wake mwenyewe. Kijani. Muhuri ukagongwa. Donatille alitembea mpaka ukutani akaegemea.

Hospitalini alimkuta Gaspar amenyolewa. Mshono ulimzunguka kuanzia sikioni hadi utosini, na mikono ilifungwa kwa vitambaa kwenye vyuma vya kitanda. Aliposikia mlango, alifumba macho na kifua kikasimama. Jeniffer, msichana mwembamba mwenye macho mekundu aliyempokea Donatille uwanjani, akabaki nyuma.

Wodi ilijaa wageni. Donatille hakuwahi kusema Kirundi mbele ya watu wa nje tangu utoto wake. Hata wanae aliwakanya. Alivuta kiti, akainama karibu na sikio la mwanae, akasema kwa Kirundi, kwa sauti ya kawaida, kwamba ni yeye, amekuja.

Gaspar alifumbua macho. Alimwangalia muda mrefu, na Donatille aliona wazi kwamba hamtambui. Anamwona mtu mwingine, mzee kuliko yeye.

"Nyokuru," alinong'ona. Bibi. "Bado wapo nje?"

Hilo lilimwogopesha kuliko kioo chekundu, kuliko chochote. Alitaka kumwambia hakuna mtu nje, hii ni hospitali, bibi alishakufa. Badala yake alifanya kama mama yake alivyokuwa akifanya mekoni mjukuu akianza kulia. Akamfunika shuka vizuri mpaka kidevuni.

"Walipita," akasema. "Wamekwenda zao. Unaweza kuongea."

Kifua cha kijana kikashuka. Alilala hivyo, mdomo wazi, na Donatille akakaa akihesabu pumzi zake kwa sababu hakuamini kama zitaendelea.

Ziliendelea. Kesho yake daktari alimfungua mkono wa kulia, na baada ya siku kadhaa wa kushoto, ambao haukupona vizuri. Mpaka leo vidole viwili havikunji. Kiswahili kilirudi kwanza kwa vipande, kisha Kiingereza. Kuna mambo hakuyakumbuka kamwe, na basi ni mojawapo. Daktari alisema masomo yatasubiri mwaka mmoja, labda zaidi.

Asubuhi moja Gaspar aliamka akamkuta mama yake anamenya chungwa. Alimtazama, safari hii akimwona yeye.

"Mama. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Na ndege? Hukuogopa?"

"Niliogopa," Donatille akasema. "Hata sasa naogopa. Mlango ukifunguka nashtuka." Akampa kipande cha chungwa kwenye mkono mzima. "Kula."

Akala. Maji ya chungwa yakamtiririka kidevuni, na mama akaacha yatiririke kidogo kabla ya kumfuta.